Tundu Ubavuni mwa Apiyo

Ukimuuliza Japuonj swali, alitafuta kwanza mahali pa kukaa. Hata swali dogo tu, la saa ngapi au kama mvua itanyesha. Aliangalia kushoto, akaangalia kulia, akaona kreti ya samaki au jiwe, akaenda akaketi, akanyoosha mguu wa kulia ambao goti lake lilikuwa na shida, ndipo akajibu. Watu wenye haraka waliacha kumuuliza maswali. Mimi sina haraka, na pia siulizi sana, kwa hivyo tulielewana.

Japuonj ni mwalimu kwa Kijaluo. Hapa Sori, kando ya ziwa, walimu ni wengi, lakini ukisema Japuonj bila kuongeza jina, kila mtu ufuoni alijua ni yupi. Alikuwa amefundisha useremala katika shule ya msingi niliyosoma, mpaka somo lenyewe likaondolewa, halafu akastaafu, lakini kila Ijumaa alirudi na nyundo yake kurekebisha madawati bila kuitwa na mtu. Hivyo ndivyo nilivyomjua, nikiwa darasa la nne. Dawati langu lilikuwa na msumari ulionichana sketi na nilikuwa nimekaa nao muhula mzima kwa sababu niliona haya kusema. Alipita, akaona jinsi nilivyokaa upande, akanisimamisha. Akang'oa ule msumari, akaunyoosha juu ya jiwe, akautia mfukoni. Hakuniuliza mbona sikusema. Watu wote maishani mwangu huniuliza mbona siongei. Yeye hakuwahi.

Alikuwa mchoyo wa penseli. Alikuwa na moja fupi kama kidole gumba, inakaa nyuma ya sikio, na hakuna mtu aliyewahi kuazimwa. Chakula alikula haraka na akiwa amesimama, yeye ambaye alitafuta kiti kwa ajili ya kukwambia tu ni saa tisa. Kanisani, siku ya Jumapili, alishika kitabu cha nyimbo wazi mbele yake na haimbi. Dani, yaani nyanya yangu, alisema mdomo wa Japuonj hufunguka kwa mambo mawili tu, kupuliza vumbi la mbao na kukataa chai yenye sukari nyingi.

Nyumba yake ilikuwa kati ya boma letu na maji, na mashua yake ilikuwa kati ya nyumba yake na maji. Tangu nikiwa mdogo, nikitaka kuona ziwa, niliona kwanza ile mashua, halafu ziwa katikati yake. Nasema katikati kwa sababu haikuwa mashua ya kawaida. Ilikuwa na bodi mbili ndefu nyembamba za mvule, kila moja kama mtumbwi, zimeunganishwa juu kwa jukwaa la mbao, na mlingoti mmoja. Baadaye nilisoma kwa simu kwamba mashua kama hiyo inaitwa katamarani. Ufuoni tuliita Rude, pacha. Bodi ya kushoto ilikuwa Apiyo na ya kulia Adongo, vile mapacha wa kike wanaitwa kwetu, aliyetangulia na aliyefuata. Aliijenga peke yake, akaianza kabla mimi sijaanza shule.

Sababu ya kujenga bodi mbili ni kwamba Japuonj hakujua kuogelea. Mtu amezaliwa na kuzeeka kando ya ziwa na maji yakimfika kiunoni anashika mtu. Wavuvi walimtania, wakamwita samaki wa nchi kavu. Yeye alisema mashua moja ikilewa inaanguka, lakini wawili wakishikana mikono, mmoja akilewa mwenzake anamrudisha nyumbani. Na pombe hakuwahi kuonja.

Kwa miaka kadhaa Rude ilibeba watu na magodoro na mbuzi kwenda visiwa vya upande wa Homa Bay. Mimi nilipanda mara moja, na mama, tukienda mazishini. Katikati mawimbi yakainuka, akina mama wakaanza kuomba kwa sauti. Japuonj, ambaye mikono yake niliiona imeshika kamba mpaka imekuwa myeupe, alituambia kwamba huo si upepo, ni ziwa tu linageuka usingizini. Nilimwamini kabisa. Ndiyo maana baadaye nilishangaa sana jinsi alivyokataa kudanganya hata kidogo kuhusu mashua yenyewe.

Dhoruba ilikuja mchana, msimu wa mvua ndefu, nikiwa kidato cha pili. Yeye alikuwa Kendu Bay kwa shemeji yake. Upepo uliivuta Rude na nanga yake, ukaitupa juu ya mawe. Mlingoti ulivunjika, tanga likapasuka likabaki vitambaa, na Adongo akapigwa jiwe ubavuni. Tundu lilikuwa kubwa, mtoto wa nasari angepita bila kuinama, na ndani mataruma matatu, zile mbao zinazoshikilia ubavu, yalikuwa yamekatika kama mbavu za kuku. Apiyo hakuwa na mkwaruzo. Vijana waliivuta mpaka nchi kavu. Japuonj alifika kesho yake. Alizunguka mara moja, kisha akatafuta kreti, akaketi. Hakuna mtu aliyekuwa amemuuliza chochote.

Watu walidhani ataanza kuirekebisha. Hata mimi. Lakini mikono yake ilikuwa imeanza kutetemeka mwaka uliotangulia, na patasi haipendi mkono unaotetemeka. Alijaribu wiki moja. Nilikuwa nikitoka shule namkuta ameketi kando ya Adongo na patasi juu ya magoti, hafanyi kitu. Nilikaa naye.

Halafu kamati ya ufuo ikaamua kwamba mahali pale patajengwa banda la kupimia samaki. Mwenyekiti alikuja mwenyewe, kwa heshima, kofia mkononi. Alisema Japuonj apewe muda mpaka shule zifungwe mwezi wa nane, na kama mashua itakuwa bado pale, itabidi ipasuliwe. Mama mmoja anayekaanga mgongo wazi, ile mifupa ya mbuta inayobaki minofu ikienda kiwandani, alikuwa tayari anapita pale kila asubuhi, anaangalia mbao kwa jicho la mtu anayehesabu masufuria. Japuonj alimwona. Akamwambia mvule hauwaki vizuri, una moshi mwingi. Mama akasema hata yeye ana moshi mwingi, watapatana.

Basi akaamua kuiuza jinsi ilivyo, kwa mtu atakayeweza kuirekebisha. Hakutaka kitu kingine. Nieleze hili vizuri kwa sababu watu wengi walilikosea: hakuwa anatafuta bei. Alitaka Rude iende kwa mikono inayofanya kazi, kabla ya shoka.

Alinichagua mimi niandike tangazo. Mama yangu alikuwa na simu ya kupiga picha, na mimi nilikuwa na mwandiko, lakini yeye alisema sababu ni kwamba sisemi sana, kwa hivyo sitaongeza maneno. Tuliketi kwenye jukwaa la Rude, akaanza kutaja.

"Andika: imevunjika."

Nilimwambia kwa sauti ndogo kwamba watu huanza na mazuri.

"Mazuri watayaona wenyewe wakifika. Ubaya ndio unajificha. Andika imevunjika."

Nikaandika. Mlingoti hakuna. Tanga hakuna. Adongo ana tundu na mataruma matatu yamekatika. Kamba za kushoto zimeoza. Akafikiria, akaongeza kwamba hata kabla ya dhoruba Apiyo alikuwa anavuja kidogo karibu na mkuku, ule uti wa mgongo wa chini. Mwisho kabisa akaniruhusu sentensi moja nzuri, kwamba mbao ni mvule. Niliweka tangazo kwenye makundi ya kuuza na kununua, ya Migori na ya Homa Bay. Wiki tatu tulipata vicheko. Mtu mmoja aliuliza kama ni choo. Mwingine aliandika, "Mzee anauza ajali." Kila jioni Japuonj aliniuliza kama kuna mtu, nami nikasema bado, naye akasema sawa. Nilichoka kusema bado. Naandika ukweli: nilichoka zaidi kuliko nilivyomhurumia.

Kwa hivyo, shule zikiwa zimebaki wiki mbili zifungwe, nilifuta tangazo lake na kuweka langu. Nilisimama upande wa kushoto, nikampiga Apiyo picha peke yake, jua limemwangaza ubavu wote, na Adongo nyuma yake haonekani. Nikaandika kwamba mashua imara ya mvule inauzwa, na mwishoni nikaandika, "Hata upande mmoja, tunaongea." Sikumwambia.

Kuna jambo nililijua vizuri nilipoandika hivyo, na hapa kwetu hakuna asiyelijua. Rude hawagawanywi. Dani alinifundisha nikiwa mdogo: ukimpa mmoja yai, mpe na mwingine. Ukimshonea mmoja nguo, shona mbili, hata kama wa pili anayo. Yule utakayemruka ataugua, na wa kwanza atamfuata. Japuonj hakulizungumzia hilo kama imani, mbele ya pasta angelikana. Lakini akipaka Apiyo rangi, siku hiyohiyo alimpaka Adongo, hata giza likiingia.

Mteja alikuja siku ya tatu kutoka Homa Bay, na lori, na vijana wawili, na msumeno wa petroli. Alikuwa mfanyabiashara wa samaki, mtu mchangamfu, amevaa viatu vyeupe ufuoni. Alimgonga Apiyo kwa kiganja kama mtu anayenunua ng'ombe. Alisema atamkata kutoka kwa jukwaa, atamwekea injini nyuma, na huyo mwingine tubaki naye. Bei aliyotaja ilimfanya mwenyekiti wa kamati, aliyekuwa anapita, asimame.

Japuonj alitafuta mahali pa kukaa. Kreti haikuwepo, mtu alikuwa ameichukua, akaketi chini kwenye mchanga.

"Nani alikwambia inauzwa moja?"

"Tangazo, mzee. Imeandikwa hapa."

Akatoa simu, akamwonyesha. Nilikuwa nimesimama nyuma ya tangi la maji. Japuonj aliangalia ile picha kwa muda mrefu, simu ikitetemeka mkononi mwake. Akairudisha. Hakugeuka kunitafuta.

"Hizi ni rude," alisema.

"Mzee wangu, hizi ni mbao."

"Ndiyo. Ni mbao."

Mwenyekiti akaingilia, akachuchumaa ili asiongee kutoka juu. Alimwambia, "Japuonj, huyu mtu ametoka mbali na ana nia. Heri mmoja apone kuliko wote wawili wawe kuni za samaki." Na aliongea kwa upole kabisa, hakuwa mtu mbaya. Binti yake Japuonj anayekaa Migori alipigiwa simu palepale, naye akasema baba auze, apumzike, chumba chake kiko tayari. Kila mtu alikuwa na haki. Japuonj alisikiliza wote, akamwambia mteja arudi Jumamosi.

Alhamisi nikitoka shule nilisikia msumeno. Si wa petroli, wa mkono, polepole, unakata kidogo halafu unanyamaza muda mrefu. Nilidhani anamtengeneza Adongo. Nilipofika nilikuta amepiga magoti kwenye gunia kando ya Apiyo, ambaye hakuwa na kasoro, na amechora ubavuni mwake kwa ile penseli yake, mahali palepale Adongo alipotoboka, na alikuwa anakata. Mtu huyu, katika Ijumaa zake za kurekebisha madawati, alikuwa akituchapa kwa kuchora kwenye mbao. Nilitaka kumwambia aache. Alinitazama, jasho linadondoka kwenye kidevu, akaniambia niende nifanye kazi ya shule.

Alikata mpaka Ijumaa jioni. Tundu lilitokea mraba, safi, kati ya taruma na taruma. Mataruma yenyewe hakuyagusa, lakini siku hiyo sikuliona hilo kuwa jambo. Niliona tu tundu. Ufuo mzima ulikuja kuona. Wengine walisema uzee umemwingia. Mama wa mgongo wazi alienda akamletea uji.

Jumamosi yule mfanyabiashara alifika, akatazama, akacheka kwanza, kisha akakasirika kuhusu dizeli yake. Alimwambia Japuonj kwamba ameharibu riziki yake kwa mkono wake mwenyewe. Japuonj alikubali kwamba ni kweli. Lori likaondoka.

Siku hiyo jioni nilirudisha tangazo lake la kwanza, neno kwa neno, nikiongeza tu kwamba sasa Apiyo naye ana tundu. Nilipiga picha tatu, za pande zote. Hatukusema lolote kuhusu lile lingine. Nilikuwa namsubiri aniulize, na nadhani hiyo ndiyo adhabu, kama alikusudia adhabu.

Aliyejibu, siku nne kabla ya shule kufungwa, alikuwa mwalimu wa chuo kimoja cha ufundi upande wa Kehancha. Aliandika kwamba wanafunzi wake wamechoka kutengeneza milango na stuli, na anatafuta kazi yenye ubaya mwingi, ili wajifunze kila kitu mara moja. Alikuwa amesoma orodha ya ubaya mpaka mwisho na swali lake lilikuwa moja: je, mataruma ya Apiyo ni mazima? Nilipomsomea Japuonj, alikuwa tayari ameketi. Akasema, "Huyo anajua kuuliza."

Walikuja na trekta na trela. Ufuoni watu walicheka sana. Kehancha ni mahali pa ng'ombe na tumbaku, ziwa hulioni hata ukipanda juu ya nyumba. Mwenyekiti aliuliza kama watasafirishia tumbaku kwa umande. Hata Japuonj alicheka, mara ya kwanza tangu dhoruba, akacheka mpaka akakohoa. Lakini jukwaa lilipofunguliwa, aliwakatalia kubeba bodi moja leo na nyingine kesho. Waliposema trela ni ndogo alikaa, akafikiria, akawaonyesha jinsi ya kuzilaza ubavu kwa ubavu, vichwa viangalie nyuma. Walichelewa sana kuondoka. Wiki iliyofuata naye alihamia kwa binti yake Migori, na banda la kupimia samaki likajengwa, na sasa nikitoka nje asubuhi naliona ziwa bila kizuizi. Sijalizoea.

Nilimwona tena muhula huu. Timu yetu ya voliboli ilienda Kehancha na mimi nilienda kama mtunza vifaa, kazi inayonifaa. Walipokuwa wanacheza niliomba ruhusa, nikauliza njia. Chuo kiko nyuma ya ghala la tumbaku, na karakana yake ni paa la mabati juu ya nguzo. Chini yake, kwenye stendi mbili, walikuwa Apiyo na Adongo. Japuonj alikuwa pale. Binti yake anamtuma huko kila Jumatano, kwa sababu, kama alivyosema mwalimu wa chuo, siku nyingine zote anakaa na kutazama ukuta.

Amekonda. Mikono inatetemeka zaidi, ameificha kwenye mifuko ya koti. Aliniita nyathina, mtoto wangu, akauliza hali ya dani na kama yule mama bado ana moshi mwingi. Wanafunzi walikuwa wanamwekea Adongo taruma la pili, wakiongea Kikuria na Kiswahili, na mmoja aliniambia kwamba mzee huyu ni mkali, Jumatano iliyopita waliondoa taruma moja mara tano. Tundu la Apiyo lilikuwa bado wazi.

Nilikuwa nimepanga maneno tangu Sori. Nilisema yote kwa pumzi moja, nikiangalia viatu vyangu: kwamba mimi ndiye niliyeandika upande mmoja, kwamba picha ilikuwa yangu, kwamba nilijua ni rude na bado nikaandika. Stuli zilikuwa zimejaa pale karakanani, kuna moja ilikuwa kando ya mguu wake. Nilingoja aketi.

Hakuketi.

"Nilijua," alisema. "Nani mwingine anaandika vizuri hivyo?"

Nikamuuliza basi mbona alimkata Apiyo, badala ya kumwambia yule mtu hapana tu.

"Kwa sababu ningekubali. Nilikuwa nimechoka, nyathina. Ile Jumamosi angerudi, nyinyi nyote mngeniambia, na mimi ningesema ndiyo. Nilijijua."

Alisema hivyo kama mtu anayesoma orodha ya ubaya. Kisha akaenda kwenye kona, akatoa gunia lililofungwa kwa kamba ya tanga. Ndani mlikuwa na vipande vinne vya mvule, vilevile alivyovikata ubavuni mwa Apiyo, kila kimoja kimeandikwa namba kwa penseli na kupakwa mafuta. Alinipa cha kwanza. Kingo zake zilikuwa zimekatwa kwa mshazari, pana upande wa nje, nyembamba upande wa ndani. Nilikishika mbele ya ubavu wa Apiyo, yeye akaniongoza kwa kiwiko kwa sababu vidole havikuwa na msaada. Kiliingia. Kikakaa kama mfuniko wa chungu, hakikuangukia ndani. Kipande cha pili, cha tatu, cha nne. Mistari ya mbao ilifuatana kutoka nje ya tundu hadi ndani yake na kutoka tena, na mahali alipokata palibaki uzi tu.

Wanafunzi walikuwa wameacha kazi wanatazama. Mmoja alikuwa tayari ameshika chupa ya gundi.

Japuonj alipitisha kiganja pale mara moja, kwenda na kurudi, bado amesimama.

"Haya, toa," aliniambia. "Mwenzake bado."